Mbuzi wa Uzazi Wangu

Kama umeambiwa na daktari kwamba dawa uliyopewa imegoma, kaa chini kwanza. Mimi niliambiwa nikiwa nimesimama, nikashika ukingo wa kitanda cha mtu mwingine ili nisianguke, na mwenye kitanda akanikasirikia. Naandika haya kwa ajili yako unayesubiri wajaribu dawa nyingine. Ugonjwa wenyewe sitakueleza, waulize waliosomea. Nitakueleza benchi lilivyo, na nyumba inavyogeuka mtu akiumwa muda mrefu, na namna hasira inavyoweza kumweka mtu hai siku ambazo hata kusali anashindwa.

Naitwa Rehema, ni fundi cherehani. Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya miwa, bondeni chini ya Moshi. Wazazi wangu walitoka Singida kutafuta kazi na hawakurudi tena. Nikaolewa Uru, huku juu, kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, na Deo, dereva wa fuso la kubebea ndizi. Watu wa huku wanatuita chasaka sisi tusio Wachaga. Wengine wanalisema kwa utani na wengine hawatanii. Mama mkwe wangu alikuwa analisema kwa huruma, kana kwamba ni ulemavu niliozaliwa nao na yeye amejitolea kuutibu.

Nataka nimtendee haki mapema, kwa sababu mbele nitakuwa na maneno makali. Mama alinipenda. Siku aliyojua nina mimba alikwenda bandani akamtenga beberu mmoja mchanga, akamfungia kwenye kona yake peke yake, kisha akaja jikoni kunawa mikono. "Yule ni wa kwako," akasema. "Usimzoee."

Kwenye ukoo ule mbuzi wa uzazi hatafutwi siku ya kuchinjwa. Anatengwa mimba ikijulikana, analishwa ndani majani na maganda ya ndizi, anapewa chumvi, hatoki nje mpaka mtoto azaliwe. Hauzwi wala habadilishwi na mwingine. Akifa bandani kabla ya siku yake, wanasema ni mkosi kwa mtoto. Mimi mambo hayo sikuyajua kwetu, lakini sikuyacheka. Nani asiyependa kunenepeshewa mbuzi wake mwenyewe?

Tumbo lilipokuwa kubwa, mbuzi akaanza kuhara. Manyoya yakasimama, akawa analala wakati wa kula. Mama hakulala vizuri tangu siku hiyo. Dirishani jikoni, pembeni ya kopo la chumvi, palikuwa na chupa ya dawa ya njano, ile ya sindano ya mifugo, na chupa hiyo haikukosekana kamwe. Ng'ombe asipokula anachomwa. Nguruwe akikohoa anachomwa. Kuku waliwekewa unga wa jamii hiyohiyo kwenye maji ya kunywa hata wakiwa wazima, eti kuwakinga. Akienda mjini kununua sukari na viberiti, alipitia duka la dawa za mifugo, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaumwa mnyama gani.

Mbuzi wangu akachomwa. Akila siku mbili tatu, Mama anaacha. Akilala tena, anachomwa tena. Ikawa haimsaidii, akaazima chupa nyingine kwa jirani, hiyo nyeupe, akachanganya zote. Mimi ndiye niliyeshika masikio. Nakumbuka alimwambia mbuzi, si mimi, "Vumilia kidogo, baba. Mtoto yuko njiani."

Akavumilia. Anjela alizaliwa masika yakianza, mvua inanyesha mchana kutwa na barabara ya Uru ikiwa tope tupu. Tulipofika nyumbani mbuzi alikuwa ameshindwa kusimama. Mama akawatuma wanaume wamuwahi kabla hajafia bandani. Walimwahi. Nyama wakachoma wenyewe nyuma ya nyumba, ikawa kavu kama wanavyoipenda, na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Damu ikaletwa kwangu.

Inaitwa mlaso. Ni damu ya mbuzi, mafuta yake na maziwa, vinakorogwa taratibu juu ya moto mdogo. Wengine wanaipika mpaka inashikana. Mama aliitoa ingali nyekundu inateleza, kwa sababu kwa imani yake damu ikikaa sana motoni inakufa, na damu iliyokufa haimrudishii mzazi damu yake. Alinishikia bakuli mwenyewe, mkono wake chini ya kidevu changu. "Kula, mwanangu. Nyie chasaka mnazaa halafu mnapeana uji wa mtama, ndiyo maana mnakauka." Tukacheka wote wawili. Nikala siku ile, nikala kesho yake iliyobaki, ikapashwa moto kidogo tu. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Homa ilianza taratibu. Nilisikia baridi huku natoka jasho, nikahara mpaka nikawa naogopa kumpakata mtoto. Mama akasema ni maziwa yanashuka. Baadaye akasema ni kijicho. Deo alipoona nimeanza kuongea maneno yasiyoeleweka akanipeleka zahanati, wakasema taifodi, wakanipa vidonge. Nikameza vyote. Homa ikapungua kidogo, halafu ikarudi na nguvu zaidi. Tukaenda hospitali nyingine, huko nikachomwa sindano asubuhi na jioni mpaka makalio yakawa magumu kama ubao. Nesi alinitazama akaniuliza kama nimeanza kusikia nafuu. Nilimjibu ndiyo. Nilimwonea huruma, alikuwa amejitahidi.

Masika yakiwa katikati, Deo alinipandisha mbele kwenye fuso, ndizi zikiwa nyuma, tukashuka mpaka hospitali kubwa ya mjini. Anjela alibaki na bibi yake.

Nikuambie kuhusu benchi la pale mapokezi. Ni refu, limeegemezwa ukutani, na watu wanasogea mmoja mmoja kuelekea mlangoni. Ukitoka kwenda chooni unapoteza nafasi, na mimi nilikuwa mtu wa choo. Kila niliporudi nilianzia mwisho. Mara ya tatu mzee mmoja mwenye koti la mvua aliweka kofia yake mahali nilipokuwa nimekaa, na kila mtu alipotaka kupakalia, mzee alisema, "Pana mtu hapo, anarudi." Sijui jina lake. Nimewahi kumtafuta kwa macho sokoni nimshukuru.

Pale wakatoa damu yangu, wakasema wanaiotesha. Niliona neno la ajabu. Mimi nimeolewa kwa watu wa kuotesha, wanaotesha kahawa na parachichi, na sasa kitu changu nacho kimetiwa kitaluni tusubiri kama kitachipua. Kikachipua. Daktari, dada mdogo mwenye macho ya mtu asiyelala, alikuja akaniambia hilo la dawa kugoma, na hapo ndipo nilipokamata kitanda cha watu.

"Mdudu tuliyemwotesha hazisikii dawa ulizopewa," akasema. "Hasikii za zahanati, hasikii zile sindano, na hii tuliyokuanzishia pia hasikii."

Nikamwambia kabla ya ugonjwa huu sijawahi kunywa dawa hizo maishani mwangu. Nilikuwa mtu mzima wa afya. Huyo mdudu alizizoea wapi?

"Si lazima awe amezizoea kwako," akasema. "Nyumbani mnafuga?"

Nilijibu tunafuga, nani asiyefuga Uru. Hakusema zaidi siku hiyo, akaenda kutafuta dawa ya nne. Lakini mimi nilibaki na swali lake. Nililala nalo, nikaamka nalo. Nikifumba macho naiona chupa ya njano dirishani.

Wodini mwili wangu ulibadilika mpaka nikauogopa. Nywele zilitoka kwa mafungu kwenye mto. Pete ya ndoa ikawa inadondoka, nikaifunga kwa uzi, kisha nikampa Deo aitunze. Kibaya kuliko vyote yalikuwa maziwa. Siku za mwanzo yalikuja yakalowesha gauni, na mtoto hayupo, na hata angekuwepo nisingeruhusiwa. Nilikamulia kwenye bakuli na kuyamwaga kwenye sinki, huku mama wa kitanda cha jirani akigeuzia uso ukutani kwa adabu. Halafu asubuhi moja nikaamka gauni likiwa kavu. Nililia siku hiyo kuliko siku zote za homa.

Mama yangu mzazi alipanda kutoka kwenye miwa akiwa na kanga yake na bakuli la mboga ya mlenda. Ndipo akakutana na mama mkwe kitandani kwangu, huyu upande wa kulia, yule kushoto, nami katikati na dripu yangu.

"Mkwe, tunashukuru kwa kumtunza," mama yangu akasema. "Alikuja kwenu mzima."

"Alikuja mwembamba," Mama akajibu. "Tulimlisha."

"Tumeona."

Hapo hakuna aliyepandisha sauti. Waliendelea kuulizana habari za mvua na mahindi, na mimi nilitamani kufa kidogo, nifufuke wakiwa wameondoka.

Kwenye kitanda cha jirani baadaye alilazwa bibi mmoja wa Tarakea, mfanyabiashara wa vitunguu wa kuvuka mpaka, ana kidonda mguuni kisichofunga. Naye dawa zilikuwa zimemgomea. Yeye kila akijikwaa alinunua vidonge sokoni, rangi mbili, nyekundu na nyeusi, akafungua kimoja akanyunyizia kidonda na kingine akameza. "Nilikuwa nawapa na kuku wangu," akaniambia. "Tunakunywa pamoja, kama familia." Alikuwa na mdomo huyo. Alikuwa na chupa ya chai ambayo haikuisha, na alininywesha hata nilipokuwa siwezi kushika kikombe. Nilipopata nafuu nikaondoka, yeye alibaki. Niliporudi mara ya pili sikumkuta, na nesi akainamisha kichwa. Bibi yule hakuwa amezeeka kiasi cha kufa kwa kujikwaa.

Dawa ya nne ilisikika. Ilikuja kwenye vichupa vidogo, inapita kwenye mshipa asubuhi, mchana na jioni. Deo alikopa huku na huko, sitaki kuhesabu. Homa ikashuka. Nikarudi Uru kipupwe kikiwa katikati, ukungu umelala kwenye migomba mpaka saa za mchana, nikiwa nimevaa sweta mbili na skafu ya kuficha kichwa.

Anjela alikuwa amenenepa. Alikuwa anaanza kukaa kwa kuegemezwa. Nilimnyooshea mikono, akanitazama vizuri, akageuka akajificha kwenye kifua cha bibi yake. Mama akasema, "Atakuzoea tu, usijali," huku akimpigapiga mgongoni. Alisema kwa upole kabisa. Nilimchukia siku hiyo, na nikajichukia kwa kumchukia.

Kahawa ilipoanza kuiva, nyonga ya kushoto ikaanza kuuma. Nilidhani ni kulala sana. Nikarudi kwenye cherehani yangu, ile ya kukanyaga kwa miguu, nikashindwa kukanyaga mshono mmoja wa sketi. Tukashuka tena hospitali. Mdudu alikuwa hajaondoka, alikuwa amejificha kwenye mfupa. Nikalazwa tena, vichupa vikarudi, na safari hii nililala mpaka kahawa yote ikachumwa na kuanikwa bila mimi. Nilitoka na fimbo. Fimbo niliiacha baadaye, lakini mguu wa kushoto haukurudi kuwa mguu. Natembea kwa kuchechemea, na nikikanyaga cherehani natumia wa kulia peke yake. Watoto wa jirani huwa wananiigiza. Nawaelewa, naigizika.

Kabla sijatoka, daktari yule aliniuliza kama nitawakubali watafiti. Wapo watu wa mifugo na watu wa hospitali, akasema, wanafuatilia wadudu kama wangu, wanataka kujua wanatoka bandani au buchani au wapi. Nilikubali mbele yake na Deo akakubali. Mama hakuulizwa pale, na banda lilikuwa la Mama. Kosa hilo lilitugharimu.

Walikuja watatu, wanaongozwa na daktari wa mifugo mwanamama, mwenye buti za mpira na adabu zake. Akaamkia, "Shikamoo, Mama." Mama akaitikia marahaba, akawakalisha, akawaletea mtori wa ndizi, akawaletea kahawa, akawauliza habari za wazazi wao mpaka jua likaanza kuinama. Nilijua anachofanya. Kila yule daktari alipotaja banda, Mama aliongeza mtori. Mwishowe mgeni akaweka bakuli chini.

"Mama, hatujaja kumtafuta mwenye makosa. Tunataka kupangusa tu sakafu ya banda na kinyesi kidogo cha mbuzi."

"Mbuzi wangu hawana ugonjwa," Mama akasema.

"Sawa. Mwaka huu umewahi kuwachoma sindano?"

Mama akanyoosha mkono kwenye sufuria ya mtori. Mimi nikajibu kwa ajili yake. Nikaeleza chupa ya njano, chupa nyeupe, unga wa kuku, na mbuzi aliyechinjwa amelala. Nilisema yote mbele ya wageni, na sikupunguza. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Kisha akainuka, akafungua mlango wa banda, akawaambia, "Panguseni. Si mmeshaambiwa."

Majibu yalikuja vuli, na yule mwanamama aliyaleta mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la nje, akaongea polepole. Waliwapata wadudu wa jamii ile kwa mbuzi wawili, na kwa kuku. Wanafanana na aliyeoteshwa kwenye damu yangu, na wanazikataa dawa zilezile. Hawezi kuapa kwamba ni yule mbuzi aliyechinjwa, maana hakumpima. Lakini akaeleza kwamba dawa zikitolewa kidogokidogo na kukatizwa, au zikiwekwa kwenye maji kila siku, wadudu dhaifu wanakufa na wabishi wanabaki, wanazaana. Na dawa za mifugo na za watu nyingi ni ndugu. Akashauri damu na nyama viive vizuri, na mnyama anayetibiwa asichinjwe mpaka dawa itoke mwilini, na mgonjwa asiliwe kabisa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo nilimlisha mkwe wangu ugonjwa," akasema.

"Sijasema hivyo, Mama."

"Aika," Mama akasema. Kwa Kichaga ni asante, lakini alivyoitamka ilikuwa ni kumwonyesha mtu njia ya kutokea.

Nilimngojea Mama baada ya pale. Nakuambia ukweli, sikuwa nangoja dawa tena wala nguvu za mguu. Nilikuwa nangoja neno moja. Angesema pole tu, si ile pole ya kila siku ya mtu akijikwaa, bali pole ya jambo lile, ningemsamehe palepale na tungelia pamoja. Hakusema. Alipika, akaniwekea chakula mkononi kama kawaida yake, akamfundisha Anjela kusimama. Chupa ya njano ikabaki dirishani. Nilimwambia Deo aongee naye. Deo alikuwa amechoka, ana madeni, ana mke kilema na mama mmoja.

"Yaishe, Rehema," akasema. "Alitaka ufe?"

"Hakutaka. Lakini nusura nife."

"Basi yaishe."

Hayakuisha. Nilishuka kwa mama yangu kwenye miwa, nikakaa huko mpaka Krismasi ikapita. Nilirudi kwa sababu ya Anjela, na kwa sababu nyingine ambayo Deo alinitajia kwa simu bila kujua uzito wake. Hepi, mke wa mdogo wake Deo, alikuwa na mimba. Bandani kwenye kona ile kulikuwa na beberu mwingine.

Hepi ni binti wa Kichaga wa upande wa Kilema, anauza simu mjini, ana kucha ndefu na moyo mzuri. Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha mpaka makovu ya sindano. Akasikiliza akiwa ameshika tumbo.

"Dada, mimi hapo sipo kabisa," akasema. "Nimkatalie mama mlaso? Hata mama yangu atanishangaa. Halafu wewe, samahani, hukuzoea vyakula vyetu. Mwili ulikataa tu."

"Damu yangu ilioteshwa, Hepi. Waliona."

"Mimi sielewi mambo ya maabara. Naogopa kugombana na watu nikiwa na mimba."

Masika yakakaribia, beberu wa Hepi akaanza kupiga chafya. Jioni moja Mama alichukua chupa dirishani, akaniita. "Njoo ushike kichwa." Nilisimama mlangoni mwa banda nikamwambia sitashika. Akambana mbuzi kwa magoti, akamchoma mwenyewe, na sindano ikampotea mara mbili kwa kuwa hakukuwa na wa kushika kichwa. Nilisimama palepale nikitazama. Sikujisikia vizuri hata kidogo.

Hepi alijifungua mtoto wa kiume. Mbuzi akachinjwa akiwa bado na jeraha la sindano shingoni. Jikoni walikuwepo wanawake wa ukoo, wamekaa kuzunguka moto, wanaongea Kichaga ninachokielewa nusu. Mama akakoroga mlaso. Ulipoanza kutokota pembeni, ukiwa mwekundu unateleza vilevile, akaushusha, akachukua bakuli.

Sikuwa nimepanga kitu. Nilinyanyuka na mguu wangu, nikachukua sufuria kwa ncha za kanga, nikairudisha motoni. Nikasukuma kuni ndani. Nikachukua mwiko nikakoroga mimi.

Mkwe hafanyi hivyo. Hata mimi chasaka najua mkwe hafanyi hivyo, mbele ya mashangazi, kwenye jiko la mama mwenye nyumba. Mmoja akasema kwa Kichaga kitu kilichofanya wengine watazame chini. Mama hakunigusa. Alisimama na bakuli tupu mkononi, anatazama mlaso ukibadilika rangi, unakuwa kahawia, unashikana, unavunjikavunjika kama maini yaliyopondwa. Niliuacha utokote mpaka moshi ukaniliza. Au sijui ni moshi.

"Imekufa hiyo," Mama akasema.

"Ndivyo nilivyotaka, Mama."

Nikapakua, nikampelekea Hepi chumbani mwenyewe. Akala kidogo, akasema ni mkavu na hauna ladha. Akaacha nusu.

Hepi hakuumwa. Alinyonyesha, akanenepa, akarudi kwenye simu zake. Hajanishukuru, na sioni angenishukuru kwa kitu gani. Huwezi kumwonyesha mtu homa ambayo hakuipata. Kwa ukoo mzima mimi ni yule mwanamke wa kuja aliyeharibu mlaso wa mzazi mwenziwe kwa wivu, kwa kuwa yeye alinyimwa maziwa. Shangazi mmoja aliniambia usoni. Deo hakuniuliza wala hakunitetea.

Mama tangu siku ile ananisemesha yanayolazimu tu. Namwamkia, anaitikia. Chakula changu, alichokuwa akiniwekea mkononi tangu nilipoolewa, siku hizi anakiweka kwenye benchi, anageuka. Hilo linaniuma kuliko nyonga. Chupa ya njano bado iko dirishani, ingawa kuku siku hizi naona wananywa maji matupu, na sijui kama ni kwa makusudi au unga umeisha.

Nawe uliye kwenye benchi, ukipona usidhani watakuelewa. Waulize madaktari waoteshe damu yako mapema, useme wazi mnafuga nini na mnawachoma nini, hata kama mwenye banda amekaa pembeni yako. Na ukiona umebaki na kiungo kilichoharibika, jifunze kukitumia kilivyo.

Jumapili iliyopita tulichinjiwa jogoo. Nilitoka kanisani nikachelewa kwa sababu ya mguu, nikakuta wote wameshakula. Sahani yangu ilikuwa kwenye benchi, imefunikwa na nyingine ili nzi wasiiguse. Mama alikuwa jikoni amenipa mgongo, anasugua sufuria iliyoungua chini, imeungua sana, ya kitu kilichokaa motoni muda mrefu. Nikakaa, nikafunua. Nikaushika mguu wa kuku kuunyanyua, na mfupa ukatoka peke yake, nyama yote ikabaki kwenye sahani.